Upara wa Ujanani na Dawa Zake

Katika maswali tuletewayo na vijana, liko moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na aghalabu mwenye kuliuliza hutusihi tusilitaje jina lake. Si swali la mahari wala la mirathi. Ni kijana wa miaka 22 au 25, mzima wa mwili, mwenye kazi yake au masomo yake, aliyeanza kuona nywele za paji la uso zikirudi nyuma mwaka hata mwaka, na utosini ngozi ikichungulia. Naye hajui amwendee nani. Babake humwambia kuwa hayo si maradhi. Wenzake humcheka. Muuza mafuta hupokea fedha zake na kumpa chupa. Na yeye mwenyewe amekwisha kujizoeza kutovua kofia hata mbele ya ndugu zake wa tumbo moja.

Mwezi huu, basi, twapenda kulieleza jambo hili wazi mbele ya wazazi na vijana pamoja, kwani hasara zake si za nywele peke yake. Ziko fedha zitupwazo ovyo, ziko posa ziahirishwazo kwa haya, na wako vijana wamezao vidonge kwa siri pasi na kujua vitendavyo ndani ya mwili. Dawa ya kweli ipo, na tutaitaja kwa jina lake. Lakini dawa hiyo ni kama mkataba usio na siku ya kumalizika, na apasaye kuyajua masharti ya mkataba ni yule ambaye bado hajautia sahihi.

Kwanza na tujue unywele ni kitu gani. Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kila mmoja una zamu yake: hukua kwa muda wa miaka 2 hata 6, kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, kisha hupumzika kama miezi 3, kisha huanguka, na pale pale huota mwingine. Kwa hivyo mtu kupoteza nywele 50 hata 100 kwa siku si ugonjwa, na kijana azihesabuye nywele zilizonasa katika kitana kila asubuhi hujitia hofu ya bure. Katika upara wa kurithi kinachoharibika hasa si kuanguka, bali ni kuota. Kila zamu ipitapo mzizi hunywea kidogo, na unywele utokao huwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hata mwisho hubaki laika tu, lisiloonekana ila kwa kuangalia sana. Mambo haya huanzia katika pembe mbili za paji la uso na utosini, yakaendelea hata yakakutana. Ama nywele za kisogoni na za juu ya masikio husalia. Hiyo ndiyo alama yake.

Twaisisitiza alama hiyo kwa sababu si kila kunyonyoka kwa nywele ni upara wa kurithi, na dawa ya hili haifai kwa lile. Mwenye viraka vya mviringo kama sarafu, vilaini, vilivyozuka ghafula, ana maradhi mengine, ambayo ndani yake kinga ya mwili huishambulia mizizi ya nywele. Mwenye magamba, muwasho, na nywele zilizokatika karibu na ngozi, hasa akiwa mtoto, huenda ana mapunye, na hayo hutibiwa kwa vidonge vya kuua kuvu. Aliyeugua homa kali au kupasuliwa, kisha baada ya miezi 2 au 3 nywele zikamwanguka kwa wingi kichwa kizima, na atulie, kwani aghalabu hurudi zenyewe. Lakini mwenye vipele vigumu kisogoni kila anyolewapo, vyenye kuacha makovu, huyo asikawie kumwona daktari, kwani kovu likiisha kushika, mzizi umekufa na hakuna dawa iufufuayo. Daktari wa ngozi mara nyingi huyatambua haya kwa macho tu, na mara nyingine huagiza damu ipimwe.

Wala kofia haina hatia. Wako mababa wawakatazao wana wao kofia kwa kudhani kuwa huzinyima nywele hewa. Unywele haupumui, mzizi wake hulishwa na damu, na damu haizuiwi na kofia ya kitambaa.

Ya kwamba upara una uhusiano na uume ni habari ya kale. Tabibu wa Kiyunani Hippocrates aliona, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba matowashi hawapati upara. Aliyeyathibitisha hayo kwa uchunguzi wa kisasa ni James Hamilton, mwanachuoni wa Marekani wa elimu ya viungo vya mwili, katika makala aliyoitoa mwaka 1942. Aliwachunguza wanaume zaidi ya 100 waliokuwa wamehasiwa au ambao korodani zao hazikufanya kazi. Waliopatwa na hali hiyo kabla ya kubaleghe hawakuwa na upara hata wakiwa wazee. Kisha alipowapa baadhi yao homoni ya kiume iitwayo testosteroni, wale waliokuwa na upara katika jamaa zao wakaanza kupoteza nywele. Wasiokuwa nao katika jamaa zao, nywele zao zikakaa. Na alipowakatia homoni hiyo, upara ulisimama pale ulipofika, lakini nywele zilizokwisha kwenda hazikurudi. Msomaji na aliweke neno hili la mwisho moyoni, kwani habari yote ya matibabu imo ndani yake: kuuzuia upara kwawezekana kuliko kuurudisha nyuma.

Jambo la pili lilijulikana mwaka 1974. Bibi Julianne Imperato-McGinley na wenziwe walieleza habari za jamaa fulani wa Jamhuri ya Dominika, ambao miongoni mwao walizaliwa watoto wa kiume wenye maumbile yasiyodhihirika, wakalelewa kama wasichana, na walipobaleghe uume wao ukadhihiri. Walikuwa na testosteroni ya kutosha. Walichokosa ni kimeng'enya kimoja kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, iitwayo dihidrotestosteroni. Wanaume hawa walipokua watu wazima tezi dume zao zilibaki ndogo, na nywele za paji la uso wao hazikurudi nyuma. Hapo ikajulikana kuwa mwenye kuinywesha mizizi ya nywele ni homoni hii ya pili, kwa yule aliyerithi mizizi isiyoihimili. Wenye upara, kwa hivyo, hawana uume uliopungua wala uliozidi. Homoni zao ni kama za watu wengine, na ni mizizi yao iliyo dhaifu mbele yake. Basi na ikome ile mizaha ya barazani, ya kumsifu mwenye upara kwa nguvu asizozidiwa nazo na mwenye nywele.

Na urithi huo hutoka upande gani? Katika nyumba zetu husemwa, "Amefuata wajomba zake," na mama akaonekana kama ndiye aliyeuleta. Msemo huu una ukweli nusu. Iko jeni moja kubwa ya jambo hili katika kromosomu iitwayo X, na mwana wa kiume huipata kwa mamake tu. Lakini uchunguzi uliofanywa Uingereza juu ya wanaume zaidi ya 52,000, ukatolewa mwaka 2017, ulikuta sehemu 287 za urithi zenye kuhusika, na nyingi zake si za kromosomu hiyo, maana yake hutoka kwa baba na kwa mama. Hapana, basi, wa kulaumiwa. Tena jambo lenyewe ni la watu wengi mno: katika wanaume wa asili ya Ulaya karibu nusu huwa limewapata wafikapo miaka 50.

Sasa tuje kwenye dawa. Zilizothibiti ni mbili, na upasuaji ni wa tatu.

Ya kwanza ni minoksidili. Ilitengenezwa na kampuni ya Upjohn ya Marekani iwe kidonge cha kushusha shinikizo la damu, ikaruhusiwa kwa kazi hiyo mwaka 1979. Lakini wagonjwa walioimeza walianza kuota nywele pajini na mashavuni, wake kwa waume, na madaktari wakaanza kuiyeyusha na kuipaka kichwani. Mwaka 1988 iliruhusiwa Marekani kama dawa ya kupaka ya upara kwa jina la Rogaine, na tangu 1996 huuzwa huko bila ya cheti cha daktari. Wanaume aghalabu hutumia ile ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi na mililita 1 usiku, kichwa kikiwa kikavu, ikapakwa kwenye ngozi na si kwenye nywele.

Mambo manne yampasa mwenye kuitumia ayajue. Katika wiki za kwanza nywele huenda zikaanguka zaidi kuliko kabla, na vijana wengi huitupa chupa hapo, nao hawajui kuwa ni nywele zilizokuwa zikipumzika ambazo zimesukumwa zitoke. Pili, haihukumiwi kabla ya miezi 4, na yafaa ingojewe hata 6. Tatu, hufaa zaidi kwa nywele zilizokonda karibuni, hasa za utosini; pale palipokwisha kuwa pang'avu miaka mingi haioteshi kitu. Nne, mwenye kuiacha hurudi katika hali ambayo angekuwa nayo kama asingeitumia kamwe, na hayo huonekana katika miezi 3 au 4. Baadhi ya watu huwashwa na ngozi. Anayeona moyo kwenda mbio, au kizunguzungu, au miguu kuvimba, na aiache amwone daktari. Siku hizi wako madaktari watoao vidonge vidogo vya dawa hii kwa ajili ya nywele. Ni kazi ya daktari apimaye moyo na shinikizo la damu, si ya kijana kujinunulia.

Tumeulizwa pia habari ya udhu. Dawa ikipakwa hutakiwa isioshwe kwa muda wa saa 4 hivi. Mwenye kusali aweza kulipanga jambo hili bila ya taabu: apake baada ya sala ya alfajiri, kwani hata adhuhuri ni zaidi ya saa 6, na apake tena baada ya isha, ikauke kabla hajalala, isije ikahamia kwenye mto na usoni. Kioevu hicho huwa na spiriti ndani yake. Mwenye kutatizika juu ya tohara yake na amuulize sheikh wake, kwani wanazuoni wana maneno juu ya spiriti ya kupaka isiyonywewa. Na liko neno moja ambalo wenye maduka hawalisemi: minoksidili ni sumu kali kwa paka. Matone machache tu aliyoyaramba kwenye mto au kwenye mkono huweza kumwua. Katika nyumba zetu, ambamo paka hulala atakapo, kijana na anawe mikono na kuiweka chupa mbali. Na mbali hiyo iwe mbali na watoto pia.

Dawa ya pili ni finasteraidi, na hii ndiyo iliyozaliwa na ile habari ya Dominika. Kampuni ya Merck ilitengeneza kidonge kinachokizuia kile kimeng'enya tulichokitaja. Mwaka 1992 kiliruhusiwa Marekani kwa kipimo cha miligramu 5 kwa wazee wenye tezi dume iliyovimba, na mwaka 1997 kwa kipimo cha miligramu 1 kwa wanaume wenye upara, kwa jina la Propecia. Humezwa kimoja kila siku. Katika majaribio ya miaka 2, wanaume 83 kwa kila 100 walioimeza hawakupungukiwa na hesabu ya nywele, hali ya kuwa waliopewa kidonge kitupu walikuwa 28 tu kwa kila 100. Katika dawa za upara hakuna ya kumeza iliyopata ushahidi mkubwa kuliko huu. Nayo pia, mwenye kuiacha hupoteza faida yake ndani ya miezi 12.

Hapa ndipo tutakapokaa kidogo, kwani dawa hii huingia katika homoni ya kiume yenyewe, na jambo liingialo hapo huingia katika nyumba ya mtu. Katika majaribio, watu wachache, chini ya 2 kwa kila 100 kwa kila moja la madhara haya, walipungukiwa na hamu ya mke, au nguvu, au manii. Wengi wao yaliwaondoka walipoiacha dawa, na wengine hata walipoendelea nayo. Lakini wako waliosema kuwa yaliwabakia baada ya kuiacha, na habari hizo zimetiwa katika karatasi ya maelezo ya dawa. Zimepokewa pia habari za udhaifu wa mbegu za uzazi, nao ulipata nafuu dawa ilipoachwa. Na mwezi Mei 2025 wasimamizi wa dawa wa Umoja wa Ulaya walithibitisha kuwa mawazo ya kutaka kujiua ni dhara moja la vidonge hivi, ingawa hawakuivunja ruhusa yake, kwa kuona kuwa faida yake yazidi hatari zake.

Hatuyasemi haya kuwatisha watu na dawa ambayo wengi huimeza kwa salama. Twayasema kwa sababu ya ile siri. Kijana amezaye finasteraidi pasi na mtu kujua, kisha akaingiwa na huzuni isiyo na sababu, hatakuwa na wa kumwambia kuwa huenda ni kidonge. Naye mwenyewe hatakitilia shaka, kwani alikinunua kwa ajili ya nywele. Mwenye kupata kuugua ugonjwa wa huzuni na amweleze daktari kabla ya kuanza. Aliyeoa na amwambie mkewe. Aliye katika posa na afikiri kama huu ndio mwezi wa kuianza, kwani bwana harusi aonaye upungufu wowote katika siku za fungate hatajua kama ni haya, uchovu au dawa, na hofu peke yake yatosha kumharibia mtu.

Lipo na la mama wa nyumba. Kwa kuwa homoni ile ndiyo itengenezayo maumbile ya mtoto wa kiume tumboni, mwanamke mwenye mimba, au mwenye kuitarajia, haruhusiwi kushika kidonge kilichovunjika au kusagika. Kizima chenye ganda lake hakina hofu. Lakini mke ataepukaje kitu ambacho hakuambiwa kuwa kimo katika mtoto wa meza? Kadhalika mwenye kumeza dawa hii asitoe damu ya kuwekewa wagonjwa hata upite mwezi tangu kidonge cha mwisho, kwani hajui damu yake itamfikia nani. Na daktari akimpima tezi dume kwa njia ya damu lazima aambiwe, maana dawa huishusha hesabu ya kipimo hicho kiasi cha nusu. Kwa walio chini ya miaka 18 dawa hii si yao kabisa.

Upasuaji wa kuhamisha nywele umejengwa juu ya jambo alilolieleza Norman Orentreich, daktari wa New York, mwaka 1959: unywele wa kisogoni ukihamishiwa mbele hubaki na tabia ya kisogoni, hauondoki. Siku hizi mizizi hung'olewa mmoja mmoja ikapandwa mbele kwa subira kama mpunga. Nywele hizo huanguka katika wiki za mwanzo, huanza kuota tena baada ya miezi 3 au 4, na kazi hutazamwa baada ya mwaka. Watu wengi husafiri hata Istanbul kwa ajili yake, na huko wako mabingwa kama walivyoko wababaishaji. Kwa kijana liko tatizo ambalo muuzaji wa safari hatamweleza. Akipandwa mbele akiwa na miaka 22, upara wake haujesha. Utaendelea nyuma ya zile zilizopandwa, zibaki kama kisiwa, na akiba ya kisogoni haiongezeki. Ndiyo sababu mabingwa wa kweli humwambia angoje, au watake kwanza atumie dawa za kuuzuia upara. Tena sisi wenye nywele za kipilipili mizizi yetu hujikunja chini ya ngozi, na kuing'oa salama kwataka mkono uliozoea. Na ambaye kidonda chake hugeuka kovu la kuvimba na aseme mapema.

Katika sheria, kuunganisha nywele za mtu mwingine kumekatazwa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mwanamke alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya binti yake aliyenyonyoka nywele kwa maradhi, naye hakuruhusiwa kumuungia. Basi wako waliodhani kuwa na kupandwa ni vivyo hivyo. Marehemu Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 2001, alipoulizwa alijibu kuwa yafaa, kwa kuwa ni kukirudisha alichokiumba Mwenyezi Mungu na kuondoa dosari, wala si kutafuta uzuri uliozidi maumbile. Alitoa hoja kwa habari ya wale watu watatu wa Bani Israili, mwenye mbalanga, asiye na nywele na kipofu, ambao malaika aliwauliza wakitakacho. Yule wa pili alitaka nywele nzuri, akapewa. Kutaka kwake hakukulaumiwa. Kilicholaumiwa ni kile alichokifanya baadaye, alipomnyima maskini na kukana kuwa naye alikuwa hivyo. Nasi twaona jawabu hilo lina nguvu, kwani unywele ni wa mtu mwenyewe, una uhai, na maji ya udhu na ya josho huufikia.

Ama mafuta, hatutarefusha. Katika mafunjo ya Misri yaitwayo ya Ebers, yaliyoandikwa yapata miaka 1550 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), imo dawa ya upara ya kuchanganya mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa mwitu. Waliojipaka walibaki na upara wao. Leo chupa ina nyonyo, nazi na habbasoda, vitu vyema vyote, vyenye kulainisha unywele uliopo. Lakini havikizuii kile kimeng'enya, na mzizi unaonywea hauvijui. Maji ya kitunguu yalijaribiwa Baghdad, habari zake zikatolewa mwaka 2002, yakaonekana kufaa. Lakini yalijaribiwa kwa wenye vile viraka vya mviringo, si kwa wenye upara wa kurithi, na watu wameichukua habari na kuyaacha maradhi yake. Ambaye huuza kitu kisichoandikwa ndani yake mna nini, akaahidi nywele kwa siku 30, ameahidi kitu ambacho unywele wenyewe, kwa mwendo wake wa sentimita 1 kwa mwezi, hauwezi kukitimiza. Na hata minoksidili na finasteraidi zina za bandia. Zinunuliwe katika duka la dawa lenye leseni, baada ya kuangaliwa kama zimesajiliwa na mamlaka ya nchi, ambayo Tanzania ni TMDA na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Iko na njia ya nne, nayo haina gharama ila wembe. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa mtu mwenye upara, na Abdullah bin Sarjis, katika habari iliyomo katika Sahih Muslim, alipohadithia jinsi alivyomwona akilibusu Jiwe Jeusi, alimtaja kwa upara wake huo. Kunyoa kichwa kizima ni jambo la heshima kwetu, na kijana anyoaye kila wiki hakuna ajuaye mpaka wa nywele zake uko wapi. Wengi waliojaribu njia hii baada ya kumaliza fedha kwenye chupa walishangaa jinsi watu walivyoacha kutazama.

Kwa wazazi tunalo neno dogo. Baba mwenye upara ambaye yu radhi nao asidhani kuwa mwanawe wa miaka 21 amekwisha kufika alipofika yeye. Alikuwa na miaka 30 ya kuuzoea, na alioa kabla ya wakati huu wa picha kutazamwa na watu wote. Mama asimtanie mbele ya dada zake. Na siku ya kutazamana kwa ajili ya posa, mbele ya walii, kijana na avue kofia. Binti ana haki ya kumwona kama alivyo, na kijana naye ana haki ya kujua kuwa ameridhiwa akiwa hivyo. Akikubaliwa hapo, huenda akaona kuwa hahitaji dawa yoyote, na akitaka dawa, ataitaka kwa moyo uliotulia.

Mwenye kuazimia kuanza na apigwe picha ya utosi na ya paji la uso, mahali pamoja penye mwanga, siku ya kwanza, na tena baada ya miezi 6 na 12. Kioo cha kila siku hudanganya kwa pande zote mbili. Baada ya mwaka aziweke picha mbele ya daktari, wazungumze kama iko faida ya kuendelea. Mwezi ujao, inshallah, tutawajibu kina mama waliotuuliza juu ya nywele za mabinti zitokazo pajini kwa misuko ya kubana, ambayo ni habari nyingine kabisa, na aghalabu huponeka ikiwahiwa.